Tumebakiza Kiasi Gani Kuwaka

Mashine ililia tik, ikanyamaza, ikalia tena tik.

"Sogeza chuma cha pili," alisema dokta.

Eugène akakisukuma kwa mguu. Vyuma hivyo viwili vizito alivikuta katika stoo ya marehemu kaka yake, hapo hapo mjini Baraka, akaapa kwamba ni urani. Mlio ukaongezeka maradufu.

Adolphine, mjane wa marehemu, alitazama kutoka mlango wa jikoni. Alimdharau Eugène tangu siku alipokuja matangani na godoro kichwani. Harusini kwao Eugène hakukanyaga, wala hakuwahi kumuuliza Adolphine kwao ni wapi. Alikula wali wa msiba, akachukua vyumba vyote vinne, akamwachia jikoni. "Kwetu mwanamke harithi nyumba," alisema, na wazee wa ukoo wakaitikia huku wakitafuna.

Leo Adolphine alikuwa na mwingine wa kumdharau: huyu Dokta Wilfried, ambaye Eugène alisikia sifa zake kwenye meza za wauza samaki wa ndagala, akamwita aje kupima vyuma. Koti jeupe lilimfika magotini. Mkono wake haukutoka juu ya kitufe cha ile mashine ya bati. Tena alikuwa amejichotea maji ya mtungi nyuma ya mlango bila kuelekezwa.

"Urani ni kama kuni," dokta alieleza. "Kijinga kimoja cha moto kinazimika. Ukivikusanya, vinapashana moto. Nikisogeza chuma, nasikiliza mlio umekua kiasi gani, ndipo najua tumebakiza kiasi gani kuwaka."

"Na tumebakiza kiasi gani?"

"Bado iko mbali. Njoo karibu."

Eugène akasogea. Tik-tik-tik-tik.

"Unasikia? Mwili wa mtu ni maji, unaurudisha moto ndani. Na we, papa, uko na mwili!"

Majirani waliokuwa wakichungulia juu ya ua wakacheka. Eugène hakucheka. Alirudi nyuma, mlio ukapungua. Akasogea tena hatua moja, ukawa kama mafuta yanayokaanga samaki.

Dokta akatoa macho, akawa kama amesahau la kusema. Adolphine akakohoa kwa ukali.

"Ikiwaka," dokta akasema haraka, "serikali itamukamata mwenye nyumba. Mwenye nyumba ni nani hapa?"

Chefu wa avenue, mkuu wa mtaa, alikuwa pale pale uani. Eugène akamgeukia, jasho likimtiririka.

"Si mi! Chefu, usikie! Basikie bote! Nyumba ni ya huyu mujane. Mi niko mugeni tu hapa!"

"Shemeji," Adolphine alisema, "unaniachia mi hii kifo?"

"Iko yako! Yote iko yako, mama!"

"Nimesikia," alisema chefu, naye akaanza kurudi nyuma.

Kabla ugali haujaiva, Eugène alikuwa juu ya pikipiki, anaelekea Nundu, godoro kichwani.

Uwanja ukabaki mtupu. Adolphine akafunga lango, akamtazama dokta kuanzia viatuni mpaka nywele.

"Koti la muchinjaji, hata damu ya kola hukutoa. Na nikohoe ndiyo ukumbuke serikali! Dada yangu alizaa nini?"

"Nisamehe, mama mudogo," alisema Wilfried, akazungusha kitufe taratibu, mpaka tik-tik zikapotea na kwaya ya redio ikasikika vizuri.