Saa ya Tai

Kamera ya kupigia picha za tai huvaliwa machoni, na kila picha humfutia mpigaji kumbukumbu ya saa nzima iliyotangulia. Nakijwa alikuwa ameshaizoea. Kwa miaka sita alipanda genge la mlimani Mambo na kurudi na picha safi, bila kumkumbuka hata tai mmoja.

Jumanne moja alikwenda na mama yake, mgonjwa aliyetamani kumwona tai porini kabla hajafa. Walikaa kwenye nyasi wakisubiri. Mama alimshika mkono, akazungumza naye kwa muda mrefu. Kisha tai akatua kiotani na mawindo, akaanza kumlisha kinda wake.

"Piga, mwanangu, asije akaruka," mama alisema.

Nakijwa akapiga.

Siku ya tatu mama alifariki. Baada ya maziko, mdogo wake Namkunda alimfuata jikoni.

"Mama aliniambia alikuachia usia wetu kule gengeni. Alisemaje?"

"Sijui."

"Jaribu kukumbuka, dada."

Nakijwa alimletea picha. Kila unyoya ulionekana. Pembeni kulikuwa na kidole cha mama, kikielekeza kiotani.

Namkunda akaanza kulia. "Wewe huhisi chochote?"

"Picha imetoka vizuri," alisema Nakijwa, akaendelea kuosha vikombe vya waombolezaji.