Mpokeaji Hageuki

Jana, wakibadili nguo, Lukelo aliwaambia wenzake watatu wa mbio za kupokezana kijiti kwamba yeye anapenda wavulana. Aliona afadhali walisikie kwake kuliko vichochoroni. Hakuna aliyemtukana. Hakuna aliyesema lolote, na hilo ndilo lililomnyima raha.

Leo mazoezini alikuwa akiwachunguza. Kibwana alikaa mbali naye, au labda alikuwa akikimbia jua. Tindwa, ambaye amekuwa akimkabidhi kijiti tangu kidato cha kwanza, alikifuta kijiti kwa fulana yake, kisha akakifuta tena.

“Unafuta nini?”

“Jasho.”

“La nani?”

Tindwa akaenda kwenye nafasi yake.

Mwalimu wao amewafundisha kwamba mpokeaji hageuki. Anaanza kukimbia, akisikia “chukua” ananyoosha mkono nyuma, na kijiti kinamfikia. Miaka mitatu Lukelo hajageuka hata mara moja. Leo aligeuka, akapunguza mwendo, Tindwa akamgonga mgongoni na kijiti kikaanguka.

“Ulikuwa unaangalia nini?” Tindwa aliuliza akihema.

“Kama utanipa.”

Tindwa aliinama, akakiokota, akakipangusa vumbi kwa fulana ileile. Akarudi alikotoka.

Lukelo naye alirudi mahali pake, akatazama mbele. Nyayo zilipokaribia, akaanza kukimbia.

“Chukua,” ikasema sauti ya Tindwa.

Akanyoosha mkono nyuma, vidole wazi, macho mbele, kiganja bado kitupu.