Mito ya Klabu

Jirani wa Zuhena, Mwanakheri, anaapa kwamba jana alimwota mshambuliaji mpya akifunga bao huku karafuu zikinyesha uwanjani kama mvua. Msimu ukikaribia, klabu huwabakiza wachezaji wale tu ambao mashabiki huwaota wakicheza; mito ya kulalia waliyogawiwa mashabiki ndiyo inayosikiliza ndoto.

"Mumeo kazeeka, shoga," Mwanakheri alimtania Zuhena. "Hata ndotoni hakimbii!"

"We mwote hivyohivyo, akitembea," Zuhena alijibu, wakacheka.

Zuhena alipoingia ndani, mumewe Shaweji, beki wa klabu, alikuwa akiupapasa mto wa mkewe kama anayembembeleza mtoto.

"Mke wangu, leo uniote nikicheza. Tafadhali."

Zuhena alinyoosha shuka taratibu. Kila usiku alimwota, ila nyumbani, pekupeku, akimenya mihogo na kucheka, na uwanjani hakuwahi kumwona na furaha kama ile.