Kisanduku Chenye Uvuguvugu

Kisanduku kilipaswa kuwa baridi kama barafu. Mpimaji alipokishika, kilikuwa na uvuguvugu.

Ndani mlikuwa na kipande cha silikoni, chembamba kama ukucha, kilichopigwa mionzi kwa makusudi ili waone kama kitastahimili maisha ndani ya mtambo wa kugonganisha chembe. Kilitunzwa kwenye friza ya maabara, kwa sababu kikipata joto hujiponya kidogo, na madhara, yanayopimwa kwa umeme unaovuja, huonekana madogo kuliko yalivyo.

"Nimekipima tena, umeme unaovuja umepungua," alisema Mwalimu bila kugeuka. "Vipimo vya jana vilitutia hofu bure."

"Jana kilitoka kwenye friza, Mwalimu. Leo kimetoka wapi?"

Muundo wa kipande kile ulikuwa wa Mwalimu na ulikuwa umemla ujana. Mchana huo kamati ilikuwa inakuja kuamua kama vipande vya aina hiyo vitafungwa mtamboni.

"Mwanangu," alisema Mwalimu, "ni kipande kimoja tu."

Mpimaji alishindwa kumtazama usoni. Huyu ndiye aliyemfundisha fizikia, na siku ya harusi yake alisimama mahali pa marehemu baba yake.

"Vipande vikishafungwa kule ndani, hakuna atakayevifikia kwa miaka," alisema. "Wewe ndiye uliyenifundisha hivyo. Utawaambia mwenyewe, au niwaambie mimi?"

Mwalimu alivua glavu taratibu, kidole baada ya kidole, akaziweka mezani. Sauti za wanakamati zilikuwa zimefika koridoni.

"Nitawaambia mwenyewe," alisema, akanyoosha kola ya koti lake, akaenda kuwafungulia mlango.