Donge la Bundi

Nyamizi alilivunja donge alilotapika bundi waliyewekewa na serikali darini, akalipekua kwa ncha ya sindano. Hakukuta fuvu la panya, ila miguu ya panzi tu. Siku hizi nyumba ambayo bundi wake hatapiki mifupa ya panya huhesabiwa haina chakula, na wenye nyumba huhamishiwa kambini.

"Mama Kulwa, uji bado?" mumewe aliuliza kutoka kitandani.

"Unga wa mwisho niliwamwagia panya jana, Baba Kulwa. Nilitaka watoke, bundi awapate."

"Wameula?"

Nyamizi aliinama, akatazama chini ya kabati. Unga ulikuwa vilevile, hauna hata alama ya unyayo.

"Hapana," alisema, akaanza kuuzoa. "Wenzetu wameshahama."