Mlango wa Ghorofa ya Pili

Pigo la kwanza la mchi lilimkosa mume, likapasua kioo cha kabati. La pili lilimpata begani.

"Mke wangu, una wazimu?" alifoka fundi rangi, akirudi nyuma mpaka ukutani.

Mke aliinua mchi tena. Wiki tatu alikuwa amesema naye kwa upole, na upole ukagonga mwamba. Kila jioni mume alirudi shati limelowa jasho, hata siku za baridi. Chakula alikisogeza pembeni. Kitandani alimpa mgongo, akijikanda mkono wa kushoto, eti brashi imemchosha. Brashi huishika kwa mkono wa kulia! Akibanwa sana husema, "Gesi tu."

Jirani wa chini ndiye aliyemwaga mtama. "Shoga, mumeo kila siku husimama ghorofa ya pili, mlangoni kwa yule mjane, anahema kama kakimbizwa. Dakika tano nzima! Mimi simo."

Mke aliposikia hayo, alikumbuka ya nyumbani kwao. Baba yake naye alianza hivihivi. Mama yake akafumba macho, na asubuhi moja baba akawaacha, yeye na wadogo zake wanne, moja kwa moja. Sasa ni zamu ya mumewe, na huyu alimpenda kufa. Hakuwa tayari kumwachia mtu.

"Nakuuliza kwa mara ya mwisho," alisema, mchi juu. "Utafanya nilichokuambia?"

"Siburuzwi na mwanamke! Nikitaka kwenda nitakwenda mwenyewe, kwa miguu yangu!"

Akageuka kuufuata mlango. Mchi ukashuka kwa nguvu zote, na mfupa wa mguu ukalia kama ukuni mkavu. Mume akaanguka, akapiga ukelele uliotikisa jengo zima.

"Mwongeze!" jirani alishangilia kutoka kwenye ngazi. "Akome!"

Mke akautupa mchi, akaita wanaume wanne. Wakambeba mzegamzega ghorofa zote tatu, naye akiwatukana wote, mkewe zaidi.

Hospitalini, nesi aliipasua suruali na kuanza kusafisha damu.

"Mguu hauna haraka, dada," mke alimwambia, akimfuta mumewe jasho kwa kanga. "Nimeuvunja mimi, maana alikataa katakata kuja. Mpimeni moyo."