Siku ya Kumi na Tisa

Shakuru alipobonyeza ugoko, mfupa wa mbele wa mguu wake wa kushoto, kidole gumba kilitua mahali padogo, na maumivu yakamchoma kama msumari. Akatokwa na jasho. Kwa miaka ishirini ya ufundi gerejini, mtaani Buyenzi, kidole hicho hicho kilikuwa kikitafuta nyufa kwenye chasisi za magari.

“Papa Houda, leo pumzika,” mke wake akasema kutoka jikoni. “Siku kumi na tisa unakimbia tu. Hata gari we unaipumzisha.”

“Ni uchovu tu,” akajibu.

Barabarani, wenzake wa mbio za Jumamosi walikuwa wanakaribia wakiimba.

Akashika mlango, akainua mguu wa kulia avuke kizingiti, uzito wote ukabaki kwenye ule wa kushoto.

Mlio mkavu ukasikika.

“Nini imevunjika huko?” mke wake akauliza.